Na Mwenzie Yuko Wapi?

Nimestaafu. Nina miaka ishirini na tano. Msicheke, ndio utaratibu wa kazi yenyewe: mwelimishaji rika lazima awe kijana, na ukifikisha ishirini na tano unahesabiwa umeshakuwa mama mtu mzima, unarudisha begi. Langu nimelirudisha Ijumaa iliyopita pale zahanati, Visiga. Nesi akanipa khanga na soda, wenzangu wakapiga makofi, mmoja akaniamkia shikamoo kwa kejeli. Nikaitikia marahaba.

Sasa nyie mnaobaki, Zuhura wa Dutumi na wenzako, mliniomba niwaandikie kazi inavyokwenda. Nitajitahidi kufupisha, mnanijua sina subira. Habari za posho naziruka, hazitoshi hata kujaza mstari. Vyeti navyo naviacha ukutani. Naanza na siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza nusura iwe ya mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza form four, nipo nyumbani Sofu, hapa Kibaha, namsaidia mama maandazi. Nikaitwa semina, siku tano, kisha nikakabidhiwa begi. Ndani mlikuwa na kitabu cha picha, daftari, boksi la kondomu, na ule mfano wa mbao wa kufundishia jinsi ya kuzivaa. Huyo wa mbao sisi tulimwita Mjomba. Alimchonga fundi seremala wa barabarani, na nasikia alipopewa kazi aliuliza mguu huu ni wa stuli ya namna gani.

Kikao changu cha kwanza kilikuwa cha vijana wa kanisani kwetu, usharika niliokulia. Aliyekuja kufungua kwa sala ni Mzee Shedrack, katibu wa wazee wa kanisa. Mnamjua: mrefu, Mpare kama sisi, anavaa koti hata jua likiwa la kuchoma. Watu walimwogopa kwa sababu ya daftari lake. Kanisani kwetu, binti akipata mimba kabla ya ndoa alikuwa anatengwa. Haendi meza ya Bwana, haimbi kwaya, mtoto wake habatizwi, mpaka siku atakayosimama mbele ya watu wote, aulizwe maswali, ajibu. Hapo ndio anasemwa amerudi kundini. Majina ya waliotengwa yalikuwa kwenye daftari la Mzee Shedrack, lenye jalada gumu na kona nyekundu.

Basi mzee anasali, sisi tumefumba macho. Mimi kwa haraka zangu nikaona nitumie muda huo kutoa vifaa kwenye begi. Mjomba akaniponyoka. Akaanguka, akabingirika kwenye sakafu ya saruji, gurugurugu, mpaka kwenye kiatu cha Mzee Shedrack. Mzee akasema amina. Akainama, akamwokota.

"Nani kaangusha mchi?"

Vijana wameuma midomo.

"Ni wangu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mchi mdogo hivi unatwanga nini?"

"Kitunguu saumu, mzee."

Akanirudishia, akaniambia ni vizuri hivyo, mabinti wa siku hizi mnasahau kinu. Akaondoka. Ukumbi ulilipuka, na siku hiyo sikufundisha kitu. Somo la kwanza kwenu: begi linafunguliwa baada ya mgeni rasmi kuondoka.

Mwezi wa tatu nikapelekwa Kisarawe nikakae kwa Bi Tatu, nijifunze kazi. Bi Tatu ni mwanamke wa makamo, mwenyeji wa kule tangu mababu, analima mihogo, na ni kungwi: mabinti wa pale wakivunja ungo yeye ndiye anayewafunda. Nesi alinipakia kwenye bodaboda na maneno machache: "Kitabu cha picha ukiache kwenye begi. Mwangalie yeye."

Siku ya pili tukaenda nyumba moja ambako kulikuwa na binti anaitwa Mwanaisha. Alikuwa na mimba, hajaolewa, wamemweka chumba cha uani asionekane na wageni. Kliniki hajakanyaga. Mimi nikaingia na kalamu mkononi. Una miezi mingapi? Umepima damu? Muhusika ni nani? Binti akajifunika khanga kichwa kizima, akageukia ukutani.

"We Mchaga," Bi Tatu akaniita kutoka nje, "hebu njoo."

"Mimi Mpare, Bi Tatu."

"Haya Mpare. Kamata kisu."

Uani kulikuwa na rundo la mihogo. Siku hiyo nikamenya mihogo. Kesho yake tukarudi, nikamenya mihogo. Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia.

"Bi Tatu, hivi tumekuja kumhudumia binti au mihogo?"

"Kwa sasa anayehudumiwa ni wewe. Menya."

Nilikuwa nimekasirika, namenya kwa hasira, nusu ya muhogo inaondoka na ganda. Mara nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Mwanaisha amesimama mlangoni, tumbo mbele.

"Dada, unamenya kama unamnyoa mtu usiyempenda," akasema. Akakaa, akaninyang'anya kisu. Tulipomaliza rundo lile nilikuwa najua miezi yake, maumivu yake ya mgongo, na jina la kijana, bila kuuliza hata moja. Wiki iliyofuata alikuwa kliniki.

Lakini Mwanaisha alikuwa na jambo moja lililomuuma kuliko mgongo. Alikuwa ametolewa chuoni, yaani madrasa, akiwa amebakiza kidogo ahitimu. Bi Tatu akaniambia twende kwa Ustadhi. Njiani nikawa napanga hotuba. Bi Tatu akasema, "Hotuba yako iache hapa kwenye mkorosho, utaichukua tukirudi."

Ustadhi alitukaribisha vizuri, mtu mpole, kofia imekaa sawasawa. Bi Tatu akamwuliza habari za nyumbani, za shamba, za goti lake. Kisha akasema:

"Nina swali moja tu, Ustadhi. Mwanaisha umemtoa. Na mwenzie yuko wapi?"

Ustadhi akatazama dirishani. Nje, kijana mmoja alikuwa anafagia uwanja wa msikiti, anafagia kwa bidii sana, na wote watatu tulimjua ni nani.

"Bi Tatu," Ustadhi akasema polepole, "wewe ungekuwa kadhi."

"Kadhi hamenyi mihogo. Nitakula nini?"

Wiki ile ile Mwanaisha akarudi chuoni, akakaa karibu na mlango, akahitimu. Kijana naye aliitwa pamoja na baba yake. Ustadhi alituambia baadaye kwamba mwalimu wake yeye, enzi hizo, angemfukuza binti na asingefikiria tena. "Mimi nilimfukuza nikawa nafikiria kila siku," alisema. "Nikajua hapo pana kasoro, sikujua ni ipi."

Nikalibeba lile swali nikarudi nalo Kibaha kama kifaa kipya. Andikeni: ni kifaa kizuri kuliko vyote vya kwenye begi. Lakini kina ncha, na mimi nilikuwa nakitumia kama panga. Nilivurugana na wazazi wengi miaka ile, siwafichi.

Sasa nafika kwa Hepi.

Hepi alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana, rafiki yangu, kwao wana duka pale Visiga. Akapata mimba akiwa na miaka ishirini. Muhusika alikuwa Godi, mpiga kinanda wa kwaya hiyo hiyo. Kila mtu alijua. Hepi akaandikwa kwenye daftari, akatolewa kwaya, akawa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Godi akaendelea kupiga kinanda kila Jumapili, tena siku zile alikuwa anapiga vizuri kweli, inaudhi.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzito. Nikaenda kumwona Hepi, safari hii nikamenya kwanza ndizi za mtori, nimejifunza. Akaniambia mwenyewe:

"Eli, nataka mtoto abatizwe. Na nataka kurudi kwenye sauti yangu. Kusimama mbele nitasimama. Ila nisimame mbele ya watu kumi, nikimaliza niondoke. Nikisimama mbele ya kanisa lote na Godi amekaa pale kwenye kinanda ananitazama, nakwambia ukweli, nachukua mtoto nahamia kwa shangazi Dodoma, na kanisani sikanyagi tena maisha yangu."

Hakuwa anatania. Begi lake lilikuwa limeshapangwa nyuma ya mlango.

Siku hizo Bi Tatu alikuwa amekuja Kibaha kwenye kikao cha mwezi. Nikamwomba twende wote kwa Mzee Shedrack. Tukamkuta anawapa kuku pumba, koti amevaa. Mke wake, Mama Joy, akatutolea viti na chai. Tukaongea habari za kuku. Nilijitahidi, tukaongea habari za kuku mpaka zikaisha.

"Baba, huyu Hepi," nikaanza.

"Utaratibu ni utaratibu, mwanangu. Mchungaji wetu huyu kijana naye ameshaniambia anataka tuuache. Nimemwambia wazee waliotutangulia hawakuwa wajinga."

"Na mwenzie yuko wapi?" Bi Tatu akauliza, kwa sauti ya kuomba sukari.

"Mwenzie hajaja kuungama, dada."

"Hepi alikuja?"

"Hepi tumbo lilionekana."

"Aa. Kumbe kosa ni tumbo."

Mama Joy alikuwa ananimiminia chai, kikombe kikajaa, chai ikamwagika kwenye sahani, ikafika mezani, bado anamimina. Nikamwambia mama, mama, kikombe. Akashtuka, akaenda kuchukua kitambaa na hakurudi tena mpaka tunaaga. Mimi nikadhani uzee.

Mzee hakulegeza, ila alikubali Hepi achague Jumapili yoyote, ibada yoyote, na mtoto abatizwe hapo hapo. Ibada ya kwanza, saa moja asubuhi, huwa na watu wachache, wengi wao wazee wanaosinzia. Nikasema Jumapili hii hii, ibada ya kwanza. Sikutaka kusubiri, nisije nikampata Hepi ameshapanda basi la Dodoma. Mzee akanitazama. "Jumapili hii? Una uhakika?" Nikasema nina uhakika. Akaandika.

Wenzangu, mimi nimezaliwa kanisani. Nimekula ndizi za mnada wa kanisa tangu sina meno. Na nikasahau kwamba Jumapili ile ilikuwa sikukuu ya mavuno, na siku ya mavuno ibada mbili zinaunganishwa inakuwa moja, saa ile ile ya asubuhi, usharika wote na wageni wake.

Nilijua nilipofika getini. Magari mpaka barabarani. Mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, mihogo, kuku wamefungwa miguu wamepangwa mbele ya madhabahu wakisubiri mnada, mbuzi mmoja amefungwa kwenye nguzo. Viti vya plastiki vimetoka nje mpaka chini ya turubai. Hepi amesimama pembeni ya ukuta na mtoto.

"Ulisema watu kumi."

"Niliangalia vibaya, Hepi."

"Hukuangalia kabisa."

"Twende nyumbani. Nitaongea na mzee, tupange siku nyingine."

Akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa amevaa gauni jeupe la ubatizo, kofia, soksi, kila kitu.

"Nimeshamvalisha," akasema, na akaingia.

Nilikaa karibu na mlango. Matangazo yalipoisha, mchungaji akaita jina. Hepi akatembea kutoka benchi la mwisho hadi mbele, ni mbali kuliko mnavyodhani. Akasimama peke yake kati ya ndizi na kuku. Godi kwenye kinanda alikuwa anaangalia vidole vyake. Mzee Shedrack kwenye meza ya wazee amefungua daftari, kalamu tayari.

Mchungaji akauliza swali la kwanza, kwa upole, mnajua lilivyo: unakiri na unajutia. Hepi akafungua mdomo, sauti haikutoka. Sauti ya kwanza ya usharika mzima, haikutoka. Mchungaji akasubiri. Jogoo mmoja akawika kwenye sadaka. Hakuna aliyecheka. Nikaona Hepi anageuza shingo kutazama mlango, na nikajua akipita mlango ule ndio imetoka. Mimi mwenye haraka siku zote, miguu imeganda.

Ndipo mtu mmoja akainuka kwenye kwaya ya kina mama. Alikuwa mama yangu. Akashuka ngazi polepole, akamruka kuku mmoja, akaenda kusimama bega kwa bega na Hepi.

"Mama Eli," mchungaji akasema, "kuna tatizo?"

"Hakuna, mchungaji. Jibu la hilo swali mimi nalijua. Nilishaulizwa."

Kanisa likanong'ona. Mimi sikuelewa. Akainuka mama mwingine, mwenye duka la vitambaa. Akainuka wa tatu, bibi na fimbo yake, akisaidiwa na mjukuu. Kisha kwenye benchi la mbele, nikamwona Mama Joy anakabidhi pochi yake kwa jirani. Mke wa Mzee Shedrack. Akaenda akasimama na wenzake, uso ameuinua juu.

Kalamu ya Mzee Shedrack ilidondoka. Tuliisikia.

Mzee akamtazama mke wake. Akafunga daftari. Akainuka, akavuta koti lake sawa, akaomba kipaza sauti.

"Mchungaji, naomba niseme. Huyu mama alisimama namna hii Upareni, kabla sijamuoa. Peke yake. Mimi siku hiyo nilikuwa benchi la tatu, nimevaa shati jipya." Akakohoa. "Mwenzie ni mimi. Sikuitwa."

Akaenda akasimama kando ya mke wake. Kipaza sauti alikuwa hajakizima, kwa hiyo kanisa zima lilimsikia Mama Joy:

"Umechelewa, Baba Joy."

Hapo watu wakacheka, yaani kicheko kile cha kufuta machozi, mpaka nje chini ya turubai. Ndani ya kicheko hicho tukasikia kinanda, noti moja ndefu, kama mtu ameegemea. Godi alikuwa anainuka. Akashuka, akapita kwenye mihogo, akasimama upande wa pili wa Hepi, anatetemeka kama amekuja kuchomwa sindano.

Hepi hakumtazama. "Shika mtoto basi," akamwambia. "Mkono umechoka."

Mchungaji akafunga kitabu cha ibada. Maswali yaliyobaki hakuyauliza. Akageukia watu: "Usharika, mnawapokea?" Tulivyoitikia, mbuzi naye akaitikia. Mtoto akabatizwa.

Hepi hakwenda Dodoma. Yuko kwaya, anaimba kwa makusudi kuwazidi wote. Na Godi hawajaoana, maana najua mtauliza, kila mtu anauliza. Hepi anasema bado anamwangalia. Wazee walikaa kikao, wakakubaliana hakuna tena kusimamishwa mbele. Anayetaka kuungama ataonana na mchungaji ofisini. Mzee Shedrack hakulichoma daftari lake, siyo mtu wa kuchoma vitu. Alichukua rula, akachora mstari mpya kila ukurasa, juu akaandika "Mwenzake". Bila kujaza sehemu hiyo, jina haliingii. Tangu siku hiyo daftari halijapata jina.

Alikuja kwenye sherehe yangu ya kuaga Ijumaa. Nilipokuwa namkabidhi Zuhura begi, nikatoa kifaa kimoja kimoja, nikafika kwa Mjomba. Mzee akasogea.

"Na huu mchi wako wa kitunguu saumu unauacha?"

"Mzee! Ulijua?"

"Mwanangu, mimi nina watoto saba."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini, nimetoka kusali?"

Kwa upande wa mama, jioni ile ya mavuno nilimfuata jikoni. Kwenye ukuta wetu kuna picha ya siku yeye na baba walipobariki ndoa. Mimi nimo, nimevaa gauni jeupe, nimeshika ua. Miaka yote naitazama, sijawahi kujiuliza kilichotangulia. Nikamwuliza sasa.

"Ulikuwa mgongoni," akasema, anakanda unga wa maandazi. "Mchungaji wa kule Upareni alikuwa na maswali saba. Alipofika la pili ukaanza kulia. Ukalia, ukalia, watu wakaziba masikio. Ikabidi ayaruke yote, akauliza la mwisho, nikarudi kukaa. Haraka zako hazikuanza leo."

"Na baba?"

"Baba yako hakuitwa," akasema. "Lakini alikuwa nje ya mlango, anasubiri kukubeba."

Kwa hiyo mkiulizwa Eli alifanya kazi hii miaka mingapi, kwenye fomu andikeni sita. Ila mimi najua nilianza mgongoni kwa mama, na siku ya kwanza nilifanya vizuri kuliko zote zilizofuata.